Mke Kanuna, Siku ya Tano

Mgeni alifika Ijumaa saa tatu asubuhi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumwagiza mwenye nyumba chai.

Hakukusudia. Alimkuta mama mtu mzima anafagia kibaraza, akadhani ndiyo kazi yake.

"Shikamoo, mama. Waambie wenyewe mtu wa santuri amefika. Na kama kuna chai, naomba isiwe na sukari."

"Marahaba," akasema mama, akaegemeza ufagio ukutani. Akaingia ndani, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akajiambia, "Wenyewe, mtu wa santuri amefika." Kisha akamletea chai. Sukari vijiko vinne.

Mgeni alikuwa kijana mwembamba, amebeba mashine begani kama mtu anayempeleka mtoto hospitali, na shingoni kavaa hedifoni nene za kufunika masikio yote. Mama akampa jina palepale, kimoyomoyo: Bwana Masikio. Kufika mchana nyumba nzima ilikuwa inamwita hivyo. Kufika alasiri alikuwa anaitika.

Alitumwa na kampuni moja ya mbali inayochapa upya santuri za zamani. Walikuwa wanaitaka Sebule Rekodi, yote, tangu tepu ya kwanza hadi ya mwisho. Sebule Rekodi ilikuwa kampuni ya marehemu mume wa mama, na ofisi yake na studio yake vilikuwa hapahapa sebuleni, kwenye kiti hiki ambacho mgeni alikuwa amekalia anakunywa ile chai huku jicho moja limejifumba lenyewe. Wenye studio za mjini walimwambia jazi haiuziki. Akawajibu haidhuru, sebule yangu hainidai. Akasimamisha magodoro ukutani, akatoa makochi nje, akatundika taulo jekundu getini. Taulo likionekana, mtaa mzima unanyamaza. Fundi seremala wa ng'ambo ya barabara anaweka msumeno chini, wauza mboga wanauza kwa ishara, hata wanaogombana wanaahirisha. Ndiyo maana walimwita Mzee Kimya, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kelele.

"Karibu sana, mheshimiwa, karibu mno," alisema mkwe, mume wa binti wa mama, ambaye alikuwa fundi wa mafriji lakini siku hiyo alivaa tai. "Sisi kama familia tuko tayari kwa majadiliano."

"Majadiliano ni mafupi," akasema Bwana Masikio. "Kampuni haichukui tepu isiyo na majina. Kila mpigaji ajulikane, tepu kwa tepu, kwa sababu na wao wana haki yao, na kama hawapo basi watoto wao. Orodha ikamilike leo. Basi langu linaondoka saa kumi na moja. Tepu isiyo na majina nitaiacha."

"Utaiacha wapi?" akauliza binti.

Swali lake lilikuwa na maana. Binti alikuwa mshonaji. Vyerehani sita vilikuwa vinaletwa Jumamosi asubuhi, na chumba pekee cha kuviweka ni kile kilichojaa tepu za baba yake. Alikuwa amekisubiri miaka miwili. Mkokoteni wa vyuma chakavu nao ulishaambiwa uje Jumamosi hiyohiyo, saa mbili, kuzoa kitakachobaki. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: jioni hiyo maisha ya Mzee Kimya ama yangepanda basi, ama yangesubiri mkokoteni.

Mama alikuwa mlangoni na birika. Hakuna aliyemuuliza kitu. Aliongeza chai tu. Aliongeza na sukari.

Wakaingia kwenye chumba cha tepu. Makasha yalikuwa sitini na moja. Kwa nje yalikuwa na namba tu.

"Aliandika ndani ya mfuniko," alisema binti. "Kwa penseli. Nilikuwa namwona."

"Safi kabisa." Bwana Masikio akakung'uta vumbi, akafungua kasha la kwanza, akasoma kwa sauti ya mtu anayezindua jengo. "'Siku kuku alipoingia.'"

Wakatazamana.

"Labda ni jina la wimbo," mkwe alisema.

Kasha la pili: "'Hakuna sukari.'" La tatu: "'Jino la binti.'" La nne: "'Shemeji kavaa viatu vyangu.'" Bwana Masikio akaanza kufungua harakaharaka kama anayetafuta funguo. Hapakuwa na jina la mtu hata moja. Penseli ilisema mvua, ilisema paka, ilisema bomba limepasuka.

"Jamani, huyu mzee alikuwa mtu wa namna gani?"

Binti alijishika kiuno. Alianza kukumbuka. "Nilimuuliza siku moja mbona haandiki majina. Akaniambia, mwanangu, mpiga tarumbeta wangu nitamsahauje? Kinachosahaulika ni siku."

"Sasa siku tunazo," akasema Bwana Masikio. "Waliosahaulika ni wapiga tarumbeta."

Mkwe akaokota kasha jingine ili kusaidia, na hapo ndipo mkosi ulipoingia. "'Mke kanuna, siku ya pili,'" akasoma. Akacheka. Akaokota la pembeni. "'Mke kanuna, siku ya tano.' Hee! Na hili hapa, 'Mke kanuna, siku ya tano, mchana.' Bwana, hii ni..."

Binti alimkanyaga mguu, lakini kachelewa. Mama alikuwa nyuma yao. Katika ndoa yote hakuwahi kuingia chumba kile. Hakuitwa, naye hakujikaribisha. Sasa alisimama akatazama mifuniko imetandazwa sakafuni, ndoa yake yote imeandikwa kwa penseli, na mgeni kaishika mkononi.

"Endelea, mkwe wangu," akasema taratibu. "Siku ya sita haipo?"

Mkwe akapekua, akaliona. "Ipo, mama."

"Soma basi."

"'Mke kacheka. Tumerudia mwanzo.'"

Mama akageuka, akaenda jikoni na birika lake.

Alikuwa anakata vitunguu kama vimemtukana. Binti akaingia, akasimama karibu na friji ambayo mumewe alikuwa ameitengeneza mara tatu na bado inanguruma.

"Mama, wewe ndiye uliyekuwepo. Hakuna mwingine."

"Mimi? Mimi sijui jazi. Mimi nilikuwa kelele." Kisu kikagonga ubao. "Miaka thelathini, mwanangu. Shh, tunarekodi. Shh, hiyo milango. Nilikuwa navua viatu jikoni kwangu mwenyewe! Nilijifunza kukaanga yai bila sauti. Nitajie mtu mwingine duniani anayekaanga yai bila sauti."

"Hakuna, mama."

"Hakuna! Na kumbe huku nanyamazishwa, huku naandikwa. Siku ya pili, siku ya tano, kama mgonjwa wa wodini."

"Alikuwa anatania. Baba unamjua."

"Namjua. Wewe ndiye hujui. Zile tepu ni mke mwenzangu. Tena mke mwenza aliyepewa chumba chake, mimi nikapewa kona ya sinki. Sasa umewahi kuona wapi mtu anamtafutia mke mwenza nauli ya basi?"

Binti alitaka kucheka, akajizuia. "Basi kesho zitakwenda kwenye mkokoteni."

"Ziende."

Lakini kisu kilikuwa kimesimama.

Sebuleni Bwana Masikio alikuwa ameamua kutumia alichopewa na Mungu. Aliweka tepu kwenye mashine yake, akajaza orodha kwa kusikiliza tu, na katika saa mbili alikuwa amepata tepu tatu, mbili kwa kubahatisha. Ya tatu ndiyo iliyomrudishia matumaini. Mfuniko ulisema "Mvua, tumeanza mara nne," na muziki wake ulishatoka kwenye santuri ambayo alikuwa nayo tangu anasoma.

"Hii haihitaji karatasi," alimwambia mkwe, macho yakimeremeta. "Sikia ngoma. Hapigi kwa fimbo, anasugua kwa brashi. Unasikia? Khshh, khshh. Ni mtu mmoja tu alikuwa na mkono ule." Hapo mama akaingia kuondoa vikombe, kijiko kikalia kwenye kisahani. Bwana Masikio, bila kugeuka, akainua kidole hewani. "Shhh!"

Mkwe alifumba macho.

Mama akaweka vikombe chini. Kimoja kimoja. Kila kimoja kikalia.

"Unamnyamazisha nani?"

"Aa, samahani, mama, ni hizi brashi tu. Huyu mpiga ngoma ni fahari ya wote. Mimi mwenyewe nimemwandikia makala ya kurasa kumi na nne, juu ya brashi hizi peke yake."

"Kurasa kumi na nne."

"Ndiyo, mama."

"Juu ya hiyo khshh khshh."

"Ndiyo."

Mama akaenda dirishani, akalifungua mpaka mwisho, akapaza sauti ambayo ilikuwa imefungiwa miaka thelathini. "Fundi! We fundi! Acha hicho kitanda, njoo hapa! Na msasa wako!"

Fundi seremala alivuka barabara na vumbi la mbao kwenye nyusi, penseli sikioni, msasa mkononi. Alikuwa mzee sasa, lakini mzee wa kutembea haraka.

"Kuna nini, shemeji? Nani kakwaruza meza?"

"Siku ya ile mvua, mpiga ngoma alikuwa wapi?"

"Yule? Ng'ambo ya mto! Daraja lilizama, alilala kituoni na ngoma zake." Fundi akasikia kinachopigwa kwenye mashine, uso ukafunguka wote. "Hee! Mimi huyo! Bwana mdogo, ongeza sauti, mimi huyo!"

"Wewe nani?" Bwana Masikio aliuliza, ingawa moyo wake ulishajua.

"Nilikuwa na oda ya viti, watu wanavitaka kesho yake, na taulo liko getini tangu asubuhi. Nikaja kugomba. Mzee Kimya akaniambia, kama kazi yako ni lazima, ifanyie humu ndani, ila fuata piano. Nikakaa pale." Akaelekeza kona. "Nimepiga msasa miguu minne ya kiti. Wimbo mmoja, mguu mmoja."

Ili asiitwe mwongo, akapiga goti mbele ya kochi, akaweka msasa kwenye mkono wa mbao, akaanza. Khshh, khshh. Khshh-a-khshh. Tepu inakwenda, na yeye anakwenda, na hakuna aliyeweza kusema yupi ni yupi.

Bwana Masikio akakaa chini polepole. "Kurasa kumi na nne," akasema.

"Si mbaya, mwanangu," fundi alimpoza. "Ziko wapi? Nami nizisome. Toka nizaliwe sijaandikwa hata nusu ukurasa."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa mama. Alianza kwa pua, akajizuia kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba hakuna anayerekodi, akaachia. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza, alivuta kiti akakaa katikati ya sebule, mahali ambapo zamani ilisimama maikrofoni.

"Leteni hayo makasha. Na kuanzia sasa humu ndani anayesema shh ni mimi peke yangu."

"Ndiyo, mama," wakasema wote, na fundi pia.

"Na hayo ya kununa msiyapitie kwa aibu. Someni kwa sauti."

Kumbe mama alikuwa na kila kitu. Hakujua nani alipiga noti gani. Alijua nani aliosha sahani yake.

"'Siku kuku alipoingia,'" akasoma binti.

"Mpiga tarumbeta yule mfupi asiyekula mayai. Alimtoa kuku kwa tarumbeta, kuku hakutaga mwezi mzima." Akataja jina la mtu, la baba yake, na mtaa aliokaa. Bwana Masikio akaandika.

"'Hakuna sukari.'"

"Piano ni yule mwalimu wa jiografia. Besi ni Mrefu. Alipigia mlangoni, nusu ndani nusu nje, maana yeye na besi yake hawakuenea pamoja. Mwandike na mke wake, aliniletea sukari kesho yake."

"Mke hapigi ala, mama."

"Mwandike pembeni."

"'Mke kanuna, siku ya pili.'"

"Aliuza kitanda chetu akanunua maikrofoni. Unatarajia niimbe? Tukawa tunalalia hayo magodoro ya ukutani. Wakija wanamuziki asubuhi, inabidi tuamke kwanza ndipo studio ifunguliwe." Akatikisa kichwa, lakini mdomo ulikuwa umepinda upande. "Siku ya tano walikuja wanane, na wote wakalala hapa. Siku ya tano mchana, mpiga saksafoni wao aliingia jikoni akaosha vyombo vyote bila kuambiwa, hata vya jana yake. Kesho yake akaniigizia jinsi mume wangu anavyotembea kwa vidole nisimsikie akiiba mkate. Nikacheka. Tepu ikaharibika."

"'Tumerudia mwanzo,'" Bwana Masikio akasema, na akaandika jina la mwosha vyombo kwa herufi kubwa.

Likaja kasha la "Wakubwa na gari lao," na mama akasimulia jinsi kampuni kubwa ilivyokuja kumnunua Mzee Kimya, ila kwa sharti aweke waimbaji na wachezaji. Yeye akawakalisha kwenye godoro, akawaambia wasubiri wimbo uishe. Wimbo ulichukua dakika ishirini na sita. Bwana Masikio alipoiweka tepu, dakika ya kumi na tisa wakasikia mlango wa gari unapigwa kwa hasira, na nyuma yake mpiga ngoma akauitikia mlango ule, pa!

"Hawakurudi?" aliuliza mkwe.

"Warudi wafuate nini? Kwake mkataba ulikuwa kula mezani na kugawana nusu kwa nusu. Wakubwa hawagawani nusu na mtu."

Mkwe alikuwa amevua tai. Yeye ndiye aliyefungua lile la karibu na mwisho, akasita, akampa binti. "'Kikohozi ni changu,'" binti akasoma. "'Msikikate.'"

Friji ilinguruma jikoni.

"Umesikia?" mama akamwambia Bwana Masikio. "Huko kwenu mna mashine za kusafisha sauti, eti?"

"Tunazo, mama."

"Hicho msikiguse."

"Naandika hapa kabisa. Hakikatwi."

Saa kumi na nusu wenye mkokoteni walikuwa wamesimama nje. Binti ndiye aliyewaita leo badala ya kesho. Makasha yangefikaje stendi? Sitini yalikuwa tayari yamefungwa kamba. Lilibaki moja.

"'Yeye hajui,'" akasoma binti.

"Nani hajui?" akauliza mama.

Wakamtazama. Mama akafikiri, akavuta midomo, akafikiri tena.

"Sikumbuki. Hakuna siku kama hiyo."

Bwana Masikio akatazama saa, kisha sheria ya kampuni kwenye karatasi, kisha mama. Bila majina, ya mwisho ingebaki. Akaweka tepu.

Mwanzo hakukuwa na muziki. Kulikuwa na maji yanamwagika, na chuma kinasuguliwa, kwa nguvu, kwa mapigo yaleyale, krr, krr, krr.

"Hiyo ni sufuria yangu," akasema mama.

Kisha ikaja sauti ya mwanamke, chinichini, anaimba peke yake kitu kisicho na maneno, anakwenda na kusugua kwake. Halafu kwa mbali, polepole kama mtu anayenyata, besi ikaingia. Ikamfuata. Akipanda inapanda, akinyamaza kutafuta sabuni inamsubiri. Kisha piano, noti moja moja, inakosea, inarudi.

"Besi ni Mrefu," mama akanong'ona. "Na piano hii... mbona mbaya hivi?" Akaweka mkono kifuani. "Vidole viwili. Ni yeye. Hakuwahi kugusa piano mbele za watu, alijua hawezi."

"Lakini, mama, kwani hukuona wanarekodi?" aliuliza binti.

"Taulo halikuwepo." Alisema taratibu, kama anayefungua fundo. "Siku hiyo hakutundika taulo. Ningeliona, ningenyamaza."

Kwenye tepu sufuria ikawekwa chini kwa kishindo, na sauti ileile, ya ujana, ikapasua sebule zote mbili, ya wakati ule na ya sasa: "Nani anachezea piano huko? Chakula kinapoa!" Mwanamume akacheka. Hakusema shh. Alicheka tu mpaka tepu ikaisha, utepe ukawa unapigapiga mashine, tap, tap, tap.

Mama akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo, kisha akakasirika, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

"Mwizi mkubwa! Kaniibia ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Haya, we Masikio, chukua kalamu, hapo kuna haki yangu. Si ulisema kila mpigaji?"

"Kila mpigaji, mama." Aliandika besi. Aliandika piano, na mbele yake jina kamili la Mzee Kimya, ambalo kwenye makasha sitini yote halikuwa limetokea hata mara moja. Kisha akaanza mstari wa tatu, akaandika jina la mama kama alivyomtajia, herufi kwa herufi, akafika safu ya pili. "Ala niandike nini? Sauti?"

"Sauti nilikuwa najiimbia mwenyewe, hiyo si kazi. Andika sufuria."

Akaandika. Nje wenye mkokoteni walikuwa wanapiga miluzi, fundi anawafokea wangoje, basi linaondoka baada ya dakika ishirini. Bwana Masikio akafunga kalamu, akasimama, akainua kile kikombe chake cha mwisho akakimaliza chote na sukari yake. Mama akamshika mkono.

"Ile kubwa," akasema. "Na uandike ilikuwa imeungua."